Uchochoro Aomba Ujumbe

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kusimamia usaili wa wajumbe wa kamati ya wananchi. Kamati hiyo ingeamua nini kijengwe katika nafasi zilizobaki wazi katika mtaa wetu wa Kwa Mfuga Njiwa. Mimi ni afisa mipangomiji, na nyumba yangu imo katika mtaa huo. Uteuzi haukunishangaza.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo ilikuwa ndani ya ramani. Tuliketi juu ya mstari wa mpaka wa viwanja. Kulikuwa na joto. Kando yangu alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ngwilizi, akijipepea kwa kipande cha barabara.

"Akidi imetimia?" niliuliza.

"Bado. Ndiyo kwanza anakula."

Akidi alikuwa mtu mwembamba aliyeketi karibu na mlango. Kisheria, kikao hakiwezi kufunguliwa kabla hajatimia. Tulimlisha chapati na maharage mpaka vifungo vya shati lake vikakaza. Mzee Ngwilizi alimgonga tumboni kama anayechagua tikitimaji, akasikiliza, kisha akatangaza kwamba tuanze.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Bi Sikudhani, jirani yangu wa nyuma. Mume wake, Mzee Mwinshehe, amepooza, na kila wiki hupelekwa kliniki kwa kiti cha magurudumu. Safari hii alikuja naye akiwa kitandani. Kitanda kilitembea chenyewe, chandarua kikiwa kimeshushwa.

"Kwa nini unataka kuwa mjumbe?" nilimuuliza.

"Mwanangu, mkijaza mapengo yote, huyu atapita wapi? Hata sasa kiti chake kinakwaruza kuta pande zote mbili. Akitoka mwenyewe au akitoka mabegani mwa watu, njia ni hiyo hiyo moja."

"Usinitabirie," alisema Mzee Mwinshehe ndani ya chandarua.

"Sikutabirii, mume wangu. Nakutafutia pa kupita."

Niliandika kwamba anafaa.

Mwombaji wa pili alikuwa Uchochoro. Aliingia ubavu ubavu, kama ilivyo desturi yake, akiwa na kamba ya nguo mbichi begani na kuku mmoja nyuma yake. Ni mkubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Nyumba ndizo zilizozaliwa. Mimi nilibaki."

"Una uzoefu gani?"

"Nimepitisha maji, magodoro, maharusi, na kila maiti wa mtaa huu. Hakuna aliyekwama, isipokuwa bwana harusi mmoja. Na yule alikuwa anasita tu."

Mwombaji wa tatu alikuwa Ghorofa. Alivua orofa zake za juu mlangoni, akazipanga pamoja na viatu vya watu, kisha akaingia ameinama. Alinukia rangi mpya.

Mzee Ngwilizi alisoma kanuni. "Mwombaji mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze, kisha atoke nje."

Ni kanuni nzuri. Nilifundishwa chuoni, na nimeitetea katika vikao vingi.

"Maslahi ninayo," alisema Bi Sikudhani. "Ni huyu hapa." Wakatoka, kitanda kikitangulia.

"Na mimi nina vyumba viwili vya kupangisha," alisema Mzee Ngwilizi. Akatoka.

Uchochoro alifikiri kidogo. "Mimi ndiye jambo lenyewe," alisema, na yeye akatoka.

Alipotoka, nyumba zikakutana. Zilitoa mlio kama sanduku linalofungwa. Sasa mimi niko chumbani kwangu, ukuta umenigusa sikio, na ninawasikia upande wa pili.

"Afisa, tumebanwa," anasema Bi Sikudhani.

"Nilikwambia tusije," anasema Mzee Mwinshehe.

Chumbani tumebaki watatu: mimi, Akidi na Ghorofa. Akidi ameanza kukonda tena, kwa sababu watu wameondoka.

"Sina maslahi yoyote," anasema Ghorofa. "Aliyenijenga hajawahi kulala huku. Sijui jina la jirani hata mmoja. Naomba nithibitishwe."

Kwa mujibu wa kanuni, hakujapata kutokea mwombaji bora kuliko yeye. Ananyoosha mkono ili nimpongeze. Nyuma ya ukuta Mzee Mwinshehe anakohoa, na kikohozi hakina pa kwenda.

"Kanuni imebadilika," nasema. "Mwenye maslahi aingie. Asiye nayo atoke."

"Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya mtu anayeishi hapa."

Ghorofa hakukasirika. Aliokota orofa zake, akazihakiki, akasema ana usaili mwingine mtaa wa pili.

Wengine walirudi kupitia dirishani, kitanda kikiwa cha mwisho. Akidi alinenepa papo hapo. Niliwathibitisha wote. Lakini Uchochoro aliingiza kidole cha mguu tu, kwa maana nyumba zilikuwa zimekwisha kuzoeana na hazikutaka kuachana.

"Kila nyumba itoe shibiri moja," aliamua Bi Sikudhani. Hilo likawa azimio la kwanza la kamati.

"Shibiri ya nani?" iliuliza nyumba ya Mzee Ngwilizi.

"Ya mtu mzima," alijibu Uchochoro. "Tusianze ujanja."

"Na nyumba ya afisa?"

Wote walinitazama, kuku naye.

"Nyumba yangu imepimwa," nilisema. "Ina hati."

Mzee Mwinshehe alifunua chandarua. "Mwanangu, na mimi nina cheti cha hospitali. Nikipitishe wapi?"

Niliandika nyumba yangu chini ya zile nyingine.

"Itatoa," nilisema. "Shibiri moja, kama wengine."

Nyumba zilivuta pumzi na kubana matumbo. Uchochoro akaingia, safari hii akitazama mbele, mabega yote mawili yakiwa yamenyooka. Kitanda kikapita katikati yake, na chandarua hakikunasa popote.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nilikwenda kufungua kabati la nguo, na mlango wake, ambao kila siku hufunguka wote, ukagonga kitanda na kusimama nusu. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta kama kawaida. Kabati nalo lilikuwa mahali pake. Nilipima kwa mkono sehemu iliyopungua kati ya viwili hivyo. Ilikuwa shibiri moja, ya mtu mzima.

Nje, nyuma ya ukuta, magurudumu yalikuwa yanapita.

"Polepole, mume wangu."

"Polepole ya nini? Nafasi ipo."

Nilihamisha kabati.