Kianzio cha Madawati

Simu ilitetemeka juu ya meza ya kazi, ikayasukuma maranda kando. Pimamaji, fundi seremala, hakuinyanyua. Alijua kwamba ujumbe wa kwanza ni wa heri: mwalimu mkuu wa chekechea ametuma kianzio cha madawati, yaani malipo ya awali. Alijua pia kwamba wa pili uko njiani. Kabla hajachomeka penseli nyuma ya sikio, simu ikatetemeka tena. Kampuni ya mitaji ilikuwa imekwisha kukata mgawo wake, sehemu moja ya tano.

Wateja walimbandika jina hilo la kifaa cha kupimia usawa kwa sababu hakuwahi kutoa meza inayoyumba wala ahadi inayoyumba, naye alilivaa jina kama suti. Ndiyo maana, alipotaka mashine ya kuranda, hakwenda kupiga magoti benki. Aliichagua kampuni isiyodai hati ya nyumba wala rejesho la kila mwezi. "Ukiuza, tunachukua chetu kidogo kidogo mpaka kiishe," afisa wao alimweleza. "Usipouza, hatukukati." Sharti lilikuwa kwamba kila malipo yapitie namba moja ya simu, ya karakana. Pimamaji aliyaona hayo kuwa mapatano ya waungwana, akatia sahihi.

Kosa alilolifanya ni la seremala anayejua kupima mbao kuliko fedha. Fedha nyingi inayoingia karakanani si ya fundi. Ni ya muuza mbao, nayo hupita tu mikononi mwake ikienda kwa mwenyewe. Kampuni ilikuwa ikiing'ata njiani. Kila kianzio kikapungukiwa, na kila pengo likazibwa kwa kianzio cha mteja aliyefuata. Kabati la mfamasia lilimalizwa kwa fedha ya kitanda cha maharusi. Chaga za kitanda zilichukuliwa kwa ahadi ya mdomo tu, na asubuhi hii ya ujumbe muuza mbao alisimama mlangoni akidai chake, akalipwa kwa fedha ya madawati. Kilichosalia hakikutosha hata nusu ya mbao za madawati, na nyuma ya madawati hapakuwa na mteja mwingine.

Akampigia afisa.

"Mnakata hata fedha ya mbao!"

"Fundi wangu, mfumo hauoni mbao. Unaona kilichoingia. Halafu hongera, mauzo yako yamepanda kweli kweli! Umefuzu kupata nyongeza ya mtaji. Nikuwekee leo?"

Pimamaji alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa akipiga msasa huku masikio yamesimama. "Shemeji, mbona unajitesa? Waambie wateja watume kwa namba ya dada. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe peke yako ndiwe baraza zima la wazee?"

"Nilitia sahihi, shemeji."

"Haya. Jioni utie sahihi nyingine kwenye sufuria, tuone kama itachemka."

Mkewe, aliyekuwa ameingia na chupa ya chai, hakucheka. "Namba yangu muiache kama ilivyo. Baba watoto, hayo madawati yanatakiwa lini?"

"Jumatatu, shule ikifunguliwa."

"Basi kamwambie mwalimu leo. Usingoje akuulize."

Alivaa shati safi, akaenda. Ofisini kwa mwalimu mkuu hapakuwa na kiti cha mtu mzima isipokuwa kile alichokikalia mwenyewe. Pimamaji akaketi juu ya kigoda cha watoto, magoti yakikaribia kidevu. Akaeleza yote: mgawo, chaga, muuza mbao. Hakujitetea.

"Kwa hiyo fedha ya watoto wangu imelipia kitanda cha watu wengine," mwalimu alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Naomba mbao zilizopungua uzinunue wewe moja kwa moja dukani, na bei yake uitoe kwenye ufundi wangu."

"Utabaki na nini?"

"Madawati yako yatakuwa yamefika."

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyekiri kabla ya kukamatwa. "Nakubali. Ila mbao hazitaingia kwako. Zitashushwa hapa uani, nawe utazikatia hapa, mbele ya dirisha langu. Usinielewe vibaya, fundi."

"Nimekuelewa vizuri, mwalimu."

Mashine ya kuranda ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya karakana, haikuweza kumfuata. Kesho yake Pimamaji alisimama uani na msumeno wa mkono na randa ya zamani, jasho likimchuruzika, shemeji yake akishika upande wa pili wa ubao.

"Tumekopa mashine ili tukate kwa mkono," shemeji alisema. "Hata mimi sikuwahi kuwa mjinga kwa gharama kubwa namna hii."

"Shika sawa, ubao unapinda."

Pazia la dirisha lilisogea, likatulia. Mpita njia mmoja akasimama langoni, akauliza kama fundi anapokea kianzio cha meza ya kulia chakula.

Shemeji alimtazama Pimamaji kwa macho ya kusihi.

"Nunua mbao kwanza, ndugu yangu, uniletee," Pimamaji alijibu. "Mimi utanilipa kazi ya mikono tu, kwa namba ya karakana."

Mtu yule alitikisa kichwa, akaenda zake. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa kampuni: *Hujauza chochote leo. Je, kuna tatizo?*

Pimamaji aliirudisha mfukoni, akaweka pimamaji juu ya dawati la kwanza, akangoja kiputo cha hewa kitulie katikati.