Hajati wa Siku Sita

Kiongoroni simu haishiki mtandao kila mahali. Hushika pale gatini, ukipanda juu ya rundo la boriti na kuinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Kijakazi hakuwa mtu wa kusema hata akipewa ruhusa. Lakini juma lile alipanda rundo lile mara nne kwa siku, na kila aliposhuka roho ilikuwa imemchafuka zaidi.

Shoga yake Zamda alikuwa Saudia, katika mji wa Riyadh, kwenye mkutano wa watu wa miti.

Kazi iliyompeleka huko haikuwa yake. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinapanda mikoko pale ilipokwisha kukatwa, na kitalu cha miche kilikuwa mikononi mwa Kijakazi. Yeye ndiye aliyejua mbegu ipi imekomaa na ipi ina mdudu, mche upi uko tayari kwenda topeni. Zamda alikuwa katibu. Alikuwa na kidato cha nne, mwandiko mzuri na mdomo usiokauka. Kijakazi aliishia darasa la tano.

Siku Bernadeta, yule mama wa shirika lililokuwa likiwasaidia, alipokuja kutoka Kibiti na barua ya mwaliko, aliwauliza wote, "Nani ataweza kusimama mbele za watu aeleze mnavyofanya?" Zamda alimtazama Kijakazi kwanza. Hilo Kijakazi hakuweza kulikana hata alipotaka. Alimtazama, akangoja. Kijakazi akainama akawa anachora tope kwa kidole cha mguu. Basi Zamda akanyoosha mkono.

Sasa picha zilikuwa zinaingia, kwa kuwa simu ya kikundi ilikaa kwa Kijakazi. Barabara pana kama mto, magari yamejaa, hakuna hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Jumba refu lenye tundu kubwa kule juu, kama sindano inayongoja uzi. Zamda juu ya ngamia, amefumba macho. Zamda mchangani, viatu mkononi, na nyuma yake mchanga tu mpaka mbingu zilipoanzia. Zamda sokoni, kati ya magunia ya ubani.

"Shoga!" Sauti yake ilitoka kwenye simu na upepo mwingi. "Mji huu hauna mwisho! Tumezungushwa na basi tangu adhuhuri, nikiuliza tumefika wapi, naambiwa bado ni mji uleule. Na miti yao, mwenzangu, kila mti una mrija wake wa maji, kama mgonjwa wa dripu. Ungekuwepo wewe ungecheka!"

Ungekuwepo wewe. Kijakazi aliyarudia maneno hayo mara tatu, na mara zote tatu yalimchoma. Angekuwepo yeye asingecheka. Angechuchumaa pale penye mti, aushike ule mrija, aangalie maji yanatoka matone mangapi. Zamda alikuwa amepiga picha mbele ya mti ule na miwani ya jua, mti wenyewe ameuziba.

Usiku wake wa mwisho kule aliulizwa na Kijakazi, kwa maneno mawili, kama ameona Maka. "Wapi!" akajibu. "Maka mbali, shoga, ni kama kutoka Dar mpaka Tabora. Sisi kesho asubuhi tunarudi."

Baada ya hapo ikaja picha moja tu, haina hata neno. Zamda kwenye jukwaa, amevaa baibui jipya, kipaza sauti mkononi. Nyuma yake kioo cha kuonyeshea picha, kikubwa kama ukuta wa msikiti, na katika kioo mwanamke ameinama topeni, kanga imefungwa kiunoni, anapanda mche. Chini pameandikwa jina. Kijakazi alisoma pole pole, herufi kwa herufi. Jina lilikuwa la Zamda. Mwanamke aliyeinama alikuwa yeye.

Siku ile hakula.

Zamda alifika Jumamosi. Boti haijagusa gati, vigelegele vimeshaanza. Mtu wa kwao akienda Saudia huenda kwa moja kati ya mawili, kazi za ndani au hija. Aliyekwenda kwa kazi harudi baada ya siku sita. Hata wale wa kikundi, waliojua habari ya mkutano, walijua pia kwamba aliyefika Saudia amefika Maka. Atapitaje mlangoni asiingie?

Wa kwanza kumpa jina la heshima alikuwa Bi Mwanamina, nyanya yake Kijakazi. "Karibu, Hajati wetu!"

Zamda alicheka. "Aa, bibi, usinipe ukubwa."

Watu wakaona ni unyenyekevu. Jioni akaitwa tena, akanyamaza. Jumapili akaitwa, akaitika.

Jumatatu baada ya alasiri nyumba ya kina Zamda ilijaa wanawake. Zamda amewekewa mkeka wa rangi, amekaa katikati na lile baibui. Wanamletea watoto awaombee dua. Anawagawia tende moja moja. Kijakazi alikaa karibu na mlango, simu ya kikundi imefungwa katika pindo la kanga.

Bi Mwanamina alisogea kwa magoti mpaka mbele. "Mjukuu wangu, hujaniletea hata kijiko cha zamzam?"

Zamda alitazama sahani ya tende. "Nilikuletea, bibi. Wameyachukua uwanja wa ndege."

Hapo damu ikampanda Kijakazi. Jina lake limechukuliwa, mgongo wake umechukuliwa, sasa na nyanya yake anachezewa. Hakusimama, na sauti yake ilitoka ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi. "Zamda. Al-Kaaba uliizunguka lini? Mbona picha zote unazo, hiyo huna?"

Akafungua pindo la kanga, akaiweka simu mkekani, picha za Riyadh zikiwa wazi. "Hakufika Maka," akasema. "Alinambia mwenyewe. Ni mbali."

Kijakazi alingoja wamshukie Zamda. Alikuwa ameingoja saa hiyo tangu picha ya jukwaani.

Rukaiya, mwanamke mwenye sauti kuliko wote kikundini, ndiye aliyeiokota simu. "Loo! Jumba gani hili, limetobolewa?"

"Wapi? Lete tuone!"

"Na huyu ngamia! Zamda, umefumba macho kama unazaa!"

Wakacheka. Vichwa vikagongana juu ya simu. "Ngome ya udongo hii? Umepanda ndege ukaone udongo? Si ungekuja kwangu!" Zamda naye, kidogo kidogo, akainua uso, akaanza kueleza, hili soko, hili jangwa, hapa mchanga unaunguza mpaka ulie. Kijakazi alitazama hasira yake ikigeuka sherehe ya mwenzake. Amemvua uhaji, na bado yeye Zamda ndiye mwenye safari.

"Tulieni!" Bi Mwanamina alipiga mkeka kwa kiganja. "Zamda. Maka hukufika?"

"Sikufika, bibi. Nisamehe. Mlianza ninyi kuniita, mimi nikaona tamu."

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi."

"Bibi!"

"Alhamdulillahi, nasema! Tangu Jumamosi sijalala. Miaka sabini na ushei naiota Maka, kisha katoto ka juzi kanitangulie! Nilikuwa nakuonea kijicho mpaka uji haupiti. Nipe tende nyingine."

Nyumba ilianguka kwa kicheko. Bibi alitafuna tende yake, roho imemtulia. Kijakazi alimwonea kijicho hata yeye, kwa vile cha bibi kimeisha.

Rukaiya alikuwa bado anapekua. Akasita. "Hebu. Huyu kwenye kioo si Kijakazi? Kiuno hiki nakijua, nafuatana nacho topeni kila siku."

"Ndiye," wenzake wakaitikia.

"Mbona pameandikwa Zamda?"

Sasa hakucheka mtu. Zamda alikusanya kokwa za tende, akazipanga kwenye sahani, akazivuruga. "Waliniuliza huyu ni nani," alisema. "Ukumbi mzima unanitazama. Nikasema ni mimi."

"Si ungesema ni mwenzio?"

"Ningesema ni mwenzangu, wangeniuliza kwa nini hakuja yeye." Akamgeukia Kijakazi. "Ningewajibu nini, shoga? Kwamba alikuwa anachora chini?"

Wanawake wote wakamtazama Kijakazi. Uso ulimwaka. Kidole cha mguu kilikuwa kimeshaanza kusugua mkeka, akakizuia kwa mkono.

"Kesho maji yakipwa," alisema, "uje uiname."

"Wapi?"

"Pale anapoinama mwanamke wa kwenye kioo. Ukipanda mstari mzima, jina nakuachia. Ukishindwa, utampigia Bernadeta mwenyewe, umwambie limeandikwa vibaya."

Zamda alikuja. Alivua viatu vya Riyadh, akafunga kanga kiunoni, akaingia tope la magotini na miche yake kwenye ndoo. Mche wa kwanza aliuchomeka juu juu, kina cha kidole. Kijakazi aliuona. Maji yakijaa, mche ule ungeng'oka uelee mpaka baharini. Akainama kwenye mstari wake, akapanda.

Wa pili vilevile. Wa tatu. Zamda alikuwa anahema, jasho linamwingia machoni, tope limefika kwenye mashavu. Wa nne aliuchomeka akatabasamu, akidhani ameweza.

"Shoga, naona si kazi sana," alisema.

"Si sana," Kijakazi akajibu.

Kwenye wa tano ndipo Kijakazi alipovuka tope, akamshika mkono, akausukuma chini mpaka tope likafika kwenye kifundo cha mkono. "Mpaka hapa," alisema. "Na ile minne, rudi ukaing'oe, uipande upya."