Mapazia ya Nyumba ya Bosi Zege

Mama Pazia alikuwa amemnunia Mungu. Si ule mnuno wa kitoto wa kutaka kubembelezwa, la. Alinuna kama mtu anavyomnunia jirani: wewe ukipita huku, yeye anapita kule. Jina lake alipewa na wateja, maana mtaa mzima hakukuwa na fundi mwingine ambaye mapazia yake yalining'inia sawasawa, yasiishie juu kama suruali ya mtoto aliyerefuka wala yasiburuze sakafuni. Alikuwa mjane, na kilichomfanya mjane ndicho kilichomnunisha.

Mumewe alikuwa msimamizi wa ujenzi kwa tajiri mmoja ambaye watu walimwita Bosi Zege. Jengo walilokuwa wakilimalizia liliporomoka mchana kweupe. Lilipoanza kutoa mlio mume alikuwa nje, salama salimini, akarudi ndani kuwaita vibarua. Hakutoka tena, yeye wala wao. Basi hata machozi ya msiba hayajakauka, Bosi Zege akasimama mbele ya wakubwa, uso mkavu, akasema msimamizi ndiye aliyekuwa anaiba saruji na kuwamwagia watu mchanga mtupu. Maiti itajibu nini? Maneno yakapita, yakawa ndiyo ukweli. Waliofiwa na vibarua wale wakaja kurusha mawe juu ya bati la mjane, na mama mkwe wa Mama Pazia, aliyekuwa akiishi naye, akaitoa picha ya mwanawe ukutani akaificha sandukuni chini ya nguo.

Na Bosi Zege je? Akanenepa. Tusidanganyane, hilo ndilo lililouma. Angekonda hata kidogo, angepata hata mafua yasiyoisha, mtu ungesema sawa. Wapi. Alipata kandarasi nyingine kubwa zaidi, akaoa mke mpya, akapewa kiti cha mbele kanisani. Kila jioni mama mkwe alipomaliza kusali alisema, "Mungu yupo, mwanangu. Anaona." Mama Pazia alizidi kukanyaga cherehani tu. Siku moja ikamshinda.

"Mama, kama anaona, basi amekaa mbali na dirisha."

Mama mkwe hakumkemea. "Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi si mwenye hukumu."

Akamwambia kweli. Tangu siku hiyo Mama Pazia akawa na sala moja tu, nayo aliisema kwa meno yaliyoumana: nyumba ya yule mtu imwangukie, kama lile jengo lilivyomwangukia mume wangu. Halafu anarudi kununa.

Ndipo ikaja kazi. Mke mpya wa Bosi Zege, asiyejua hili wala lile, alitaka mapazia ya jumba lao jipya la ghorofa, na kila aliyemuuliza alimtajia fundi mmoja. Mama Pazia angeweza kukataa. Hakukataa. Alitaka akaone kwa macho yake Mungu amemlipa nini mtu yule. Akaenda, akapima madirisha, na alichokiona kilimuuma: sakafu unajiona uso, ngazi pana kama barabara, taa zinaning'inia kama mashada ya zabibu. Akarudi nyumbani akashona.

Siku moja kabla ya sherehe ya kuhamia alifika asubuhi na mapema kuyatundika. Mke alikuwa bado kwa wazazi wake; mume alimwambia asilale humo mpaka nyumba iombewe. Mama Pazia akagonga geti. Mlango wa kibanda cha mlinzi ukafunguka, na aliyetoka, blanketi mabegani, macho mekundu, hakuwa mlinzi. Alikuwa Bosi Zege. Nyuma yake mlionekana godoro chini, mashati kwenye misumari, viatu vya bei vimepangwa kando ya sufuria. Yule bwana hakuwa amepitiwa na usingizi pale usiku mmoja. Alikuwa anaishi pale.

Mama Pazia alipigwa na butwaa, kisha karibu acheke. Mtu ana vyumba vya kupotelea ndani, analala kibandani? Huenda wazimu umemwanza. Akampita bila salamu, akaingia sebuleni, akapanda kingazi chake na kutundika pazia la kwanza.

Likaburuza.

Alishuka akalitazama. Lilikuwa limelala sakafuni, upindo wote. Moyo ukampasuka, maana kosa kama hilo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Akachukua futi akalipima pazia: liko vilevile alivyolikata. Akapima kutoka kwenye reli iliyofungwa darini hadi sakafuni: pamepungua. Akapima dirisha la pili, nalo limepungua. Pazia halijarefuka. Kilichobadilika ni juu. Aliinua macho taratibu, na darini, chini ya rangi mbichi iliyopakwa upya, akauona ufa umetambaa kutoka nguzo hadi nguzo.

"Toka hapo."

Bosi Zege alikuwa amesimama mlangoni, vidole vya miguu vimeishia kizingitini.

"Nakuomba, mama. Toka hapo chini."

Alitoka. Walisimama uani, na hapo ndipo yule bwana alipomtazama vizuri usoni akamtambua. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilikuwa safarini walipomwaga zege la juu," alisema. "Vijana wangu waliuza saruji yote. Nilipowauliza, mmoja akanijibu, bosi, si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Ndivyo mnavyofanya," Mama Pazia alirudia.

"Mume wako alinigombeza kuhusu ule mchanga. Mbele za watu. Nikamwambia afanye kazi au aondoke."

Mama Pazia alitafuta ukuta wa kushika. Alikuwa amemtetea mumewe kwa kila aliyemtukana, lakini kuna nyakati, akiwa peke yake na cherehani, alikuwa amejiuliza, je, kama kweli aliiba? Sasa jibu hilo hapo, limekalia ndoo, limevaa kandambili. Aliona haya mbele ya marehemu hadi masikio yakamwaka moto.

"Bomoa," alisema mwisho.

"Nikibomoa wataniuliza sababu. Wakilipima zege hili, watalikumbuka lile."

"Na kesho? Mchungaji atazunguka chumba kwa chumba, kwaya nzima nyuma yake, waalikwa nyuma ya kwaya."

Bosi Zege alitazama chini. "Labda litahimili," alisema. "Ni siku moja tu."

Mama Pazia alirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa akiisikia sala yake mwenyewe, neno kwa neno. Nyumba imwangukie. Kumbe ilikuwa inamwangukia kila usiku, yule mtu hana hata kitanda cha kulalia katika mali yake, na yeye siku zote hizo alikuwa akimwona ananenepa. Na kesho itakamilika. Alikuwa na njia rahisi kabisa: akae kimya, ashone, angoje kusikia. Wazo hilo lilikaa naye mwendo mrefu, na hakulifukuza haraka.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza yote, mkono ukasimama juu ya ungo. Mama Pazia alingoja aambiwe, si nilikuambia? Hakuambiwa.

"Kwaya ina watoto," alisema mama mkwe.

"Mama, nani atatuamini? Sisi ndio nyumba ya mwizi wa saruji."

"Wasituamini. Tutakaa mlangoni."

Na kweli kesho yake wakakaa mlangoni. Waalikwa walipofika wamependeza, utepe umefungwa, mkasi uko tayari mkononi mwa Bosi Zege, walimkuta ajuza ameketi katikati ya kizingiti na mkwewe amesimama kando yake. Minong'ono ikaanza. Mtu akasema kwa sauti ya kutosha, "Mke wa muuaji, hana hata aibu." Mchungaji akaja kuwabembeleza wapishe.

"Nyumba hii inashuka," Mama Pazia alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Hamniamini, sawa. Mwulizeni mwenyewe analala wapi."

Macho yote yakamgeukia Bosi Zege. Mkewe naye akamgeukia. Yule bwana alikunjua uso, akatoa tabasamu lake la kanisani.

"Ndugu zangu, mama huyu ana uchungu," alisema. "Tumsamehe. Tuingie."

Basi, kusikia tuingie, kitoto kimoja cha kwaya, kibinti kilichong'oka meno mawili ya mbele, kikapenya chini ya mkono wa ajuza kikakimbilia zile taa sebuleni. Kikasimama katikati kabisa, kimeinua kichwa, mdomo wazi. Juu yake dari ikatoa mlio, mfupi, kama kiti kinachosogezwa.

Bosi Zege alipiga yowe. Alikimbia hadi kizingitini, na hapo akakwama. Watu wote walimwona. Alinyoosha mikono ndani, akaita, akalia, lakini miguu yake ilikataa kuvuka mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliyevuka alikuwa Mama Pazia. Hakuwaza kitu. Alikimbia chini ya ule ufa, akakinyakua kile kitoto kiunoni, akatoka nacho. Vumbi la chokaa liliwashukia kichwani, basi. Nyumba haikuanguka.

Watu walikuwa wamekwisha kuona. Mke wa Bosi Zege alikuwa wa kwanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mkono mdomoni, na umati mzima ukarudi naye hadi getini. Bosi Zege aliketi kwenye ngazi za nje, mkasi bado mkononi, na akayasema. Ya nyumba hii, na ya jengo lile. Yote, bila kuulizwa, kama mtu anayetapika.

Mama mkwe aliinuka kwa taabu akaenda kusimama mbele yake.

"Sema mwanangu hakuiba."

"Hakuiba."

"Sema tena. Wa kule getini hawajasikia."

"Hakuiba," alisema Bosi Zege, safari hii kwa sauti ya kufika getini. "Mimi ndiye."

Ajuza akageuza uso pembeni. "Umesikia, baba?" alisema, na hakuwa akisema na yeyote aliyekuwepo pale. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.

Jioni picha ilirudi ukutani. Mama mkwe alisali, akamaliza, na safari hii hakusema neno la nyongeza. Alikwenda kulala. Mama Pazia alibaki kwenye kiti cha cherehani, vumbi la chokaa bado limo kwenye nywele. Alikuwa ametaka mtu aangukiwe. Badala yake alipelekwa chini ya zege la mtu yuleyule, akafanya alichokifanya mumewe, akaruhusiwa kutoka.

"Nilikuwa nimekununia," alisema. Halafu akanyamaza, maana hakujua aendelee vipi.