Visukuku vya Mita Mia Tisa na Kumi

Mawimbi ndiyo yaliyosikika kwanza, yakipiga taratibu ndani ya maabara ya Cepu, mji ulio mbali na pwani. Wening alidhani ni feni. Alipoinamia hadubini akaona ni visukuku vya sampuli ya mwamba iliyotoka kina cha mita mia tisa na kumi.

Kazi yake ilikuwa kuvichambua kwa brashi yenye ncha ya unywele mmoja. Vilikuwa magamba ya viumbe wa bahari ya kale, madogo kama punje ya mchanga, na kwayo wachimba mafuta walijua wamefika tabaka gani la mwamba. Akailamba brashi, akakigusa cha kwanza.

"Usinipake mate, binti," kikasema. "Na usiniandike hapa. Mimi wa juu, mita mia nne. Nimeporomoka na matope ya uchimbaji."

Wening akakihamisha. Vilivyobaki vilikuwa wenyeji halisi. Vikamweleza kwamba chini yao bahari yao bado ipo, na mwamba ukitobolewa itapanda kupitia visima vya kijiji cha Wening, ikianzia kwa Bi Sumirah.

Bi Sumirah alikuwa mama yake. Aliishi kwa kuuza tempe, vipande vya soya iliyochachuka: aliloweka soya kwa maji ya kisima kile, akaifunga kwenye majani ya msaji mpaka ishikane. Kwa maji ya chumvi haishikani.

Wening akaandika yote kwenye ripoti, na jina la kila kisukuku kilichosema.

Bosi Haryanta, mkuu wa uchimbaji, alisoma, akauliza kama kuna kilichotia sahihi. Ushahidi haukumsumbua. Siku ya karamu ya kubariki mashine ya kuchimba alikuwa amekata kilele cha mlima wa wali wa manjano mbele ya kijiji kizima, akatamka kwamba watachimba hadi mita elfu moja na mia mbili. Neno lililosemwa juu ya wali ule halirudishwi, watu wameshalila. Akaja mwenyewe kwenye hadubini, akabishana na visukuku nusu saa.

"Nyie mmekufa," akasema mwishoni.

"Na bado tunakushinda," vikajibu.

Kweli alishindwa, maabara nzima ilisikia. Akauchana ukurasa wa tatu wa ripoti, wenye maneno ya visukuku, akatia sahihi kurasa zilizobaki, mashine ikaendelea.

Siku ya nne bahari ikapanda kisimani kwa adabu, ikasimama shubiri moja chini ya ukingo. Bi Sumirah akavuta ndoo, akapata samaki asiyejulikana na mtu. Akamkaanga, akasema ana miba mingi. Asubuhi alipofungua majani ya msaji, soya ikamwagika sakafuni punje moja moja. Kampuni ikaleta barua yenye muhuri kwamba kisima kile kilikuwa cha chumvi tangu zamani, jambo ambalo, ukirudi nyuma miaka milioni kumi na tano, halikuwa uongo.

"Mwanangu umesomea kuongea na makonokono," mama akasema, akifagia soya. "Basi waulize wataondoka lini na bahari yao."

Wening alikuwa ameshauliza. Mara ya mwisho bahari kuondoka, visukuku vilimwambia, ilichukua miaka milioni mbili.

Akachukua ndoo mkononi mwa mama yake, akamwaga maji ya chumvi.

"Nitakuletea maji ya mtoni kila asubuhi kabla ya kazi, mama," akasema. "Mpaka bahari ikauke."