Pazia la Chumba cha Cherehani

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alimfunga binti mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa, akachota damu ya kujaza vichupa viwili. Akavitia kwenye mashine ya kuzungusha, kimoja huku na kimoja kule ili mashine isiyumbe, akafunga kifuniko. Dakika kumi. Binti alikuwa amekaa na uso uliopakwa dawa ya ganzi, mweupe kama wa mtu aliyechungulia gunia la unga, na alipojigusa shavu aliona kama kagusa la mwenzake.

"Inauma?" aliuliza.

"Na ganzi yote hiyo? Utasikia kama paka anakulamba."

Vichupa vilipotoka, damu ilikuwa imejitenga, nyekundu chini, maji ya manjano juu. Muuguzi aliyavuta yale ya manjano, akampaka usoni, kisha akapitisha kifaa kama kalamu nene, chenye visindano nchani, shimo kwa shimo. Ngozi ikidungwa hukurupuka kujijenga, alieleza, na maji hayo ya damu yake mwenyewe huipa nguvu. Mara tatu, mwezi hadi mwezi. Leo usinawe uso, na jua ulikimbie.

Mashimo hayo ya mashavuni yaliachwa na chunusi za usichana. Mama yake ni fundi wa nguo, au tuseme ana jina la ufundi. Binti alipokuwa na miaka kumi na sita, chunusi zimemwiva, mteja mmoja alimwona akikunjua kitambaa, akasema, "Huyu mtoto asikiinamie, atanidondoshea usaha." Waliokuwepo wakacheka. Mama naye akacheka. Kesho yake akatundika pazia la kijani katikati ya chumba.

Basi miaka kumi na moja mama hukaa mbele na futi ya kupimia, binti hukaa nyuma na cherehani. Mama hupima, hupaza sauti: "Kiuno, sabini na nne! Bega, thelathini na nane!" Nyuma ya pazia binti huandika kwa chaki, hukata, hushona. Wateja humsifu mama kwa mkono wake mwepesi. Mama hujibu, "Ni kuzoea tu."

Binti alitaka kitu kimoja, kukaa upande ule wenye dirisha. Alipouliza, mama alimjibu kwa upole kabisa, "Kwanza uso upone, mwanangu. Nani anakukataza?"

Siku ile ya kwanza aliporudi kutoka kliniki, uso umemwiva, aliisikia cherehani ikiunguruma tangu mlangoni. Mama yuko mbele anakunywa chai. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Sketi mbili zilikuwa zimekwisha kushonwa, kila mshono umefungwa kwa kurudi nyuma mara tatu, kama afungavyo yeye. Akakagua mapindo, hakuona kosa. Akazipiga pasi.

Mwezi wa pili mashimo ya mashavuni yalikuwa yamejaa nusu. Aliporudi alimkuta mtu kwenye kigoda chake, mwepesi mwepesi, ukuta wa nyuma unaonekana kupitia mwili wake.

"Huyu kaja saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka," mama alisema. "Usimsemeshe, kazi zimejaa. Na hicho kitambaa kisogeze, asije akakikanyaga."

Mwezi wa tatu alimweleza muuguzi. Muuguzi hakuinua macho.

"Makovu hayafi, dada. Yanahama. Yako yamekwenda wapi?"

"Nyumbani. Yanashona."

"Una bahati. Kuna kaka mmoja, yake yalikwenda ofisini kwao. Yakapandishwa cheo, mwenyewe yuko pale pale." Akafuta damu kwa pamba. "Usicheke, nitakutoboa pua."

Binti hakuwa akicheka. Ganzi ya siku hiyo ilimkolea, na haikutoka. Wiki zikapita, uso ukawa laini kama kitambaa kipya, na akinywa chai hajui kama kikombe kimefika mdomoni mpaka atazame.

Asubuhi moja mama alimwekea kiti dirishani. "Haya kaa. Si nilikwambia?"

Binti alikwenda nyuma kuchukua futi yake. Yule wa kwenye kigoda alikuwa amekwisha kuwa mzito, ukuta hauonekani tena kupitia kwake. Alikuwa na mashimo yote, hata lile shimo la chini ya jicho la kushoto ambalo binti alilichimba kwa ukucha wake mwenyewe. Aliinua uso.

"Nikae nawe huko mbele kidogo? Leo tu."

Binti alimtazama. Akatafuta neno, akaliona hili lililokuwa karibu.

"Kwanza uso upone," alisema. "Nani anakukataza?"

Mteja wa kwanza alikuwa yule yule wa usaha, sasa ana mvi na miwani. Alisimama katikati ya chumba, akashangilia. "Shoga, kumbe una binti mzuri hivi! Ulimficha wapi?"

"Alikuwepo tu," mama alisema, akanyoosha miguu yake.

Mteja akainua mikono. Binti akamzungushia futi, akasoma, akapaza sauti:

"Kiuno, tisini na mbili!"

Nyuma ya pazia chaki ilikwaruza.

"Bega, arobaini na moja!"

Chaki ikakwaruza tena.

"Sauti ya mama yako hasa," mteja alisema. "Na mikono yako myepesi kama yake."

"Ni kuzoea tu," binti alisema. Pazia lilikuwa limeacha upenyo mdogo. Akanyoosha mkono, akalivuta likafungika.