Uduvi Waliofukiziwa Ubani

Mwaka ule msichana Tumu alikuwa na hamu moja tu, na hamu yenyewe ilikuwa kuona ndani ya tone la maji.

Aliyemtia hamu hiyo ni Mwalimu Makau. Alikuwa kijana Mkamba aliyetoka chuoni juzijuzi, mzaliwa wa upande wa Mackinnon Road, na mpaka alipoletwa Msambweni kusomesha darasa la sita alikuwa hajapata kuitia bahari machoni. Alipoiona, aliipenda kama mtu anavyompenda mchumba. Bahari ikipwa na maji kutoka tu, alikunja suruali, akafunganisha kamba za viatu na kuvitundika shingoni, akawatoa watoto darasani kwenda mwambani. Huko aliuliza jina la kila kiumbe, na watoto wakamcheka kwa jinsi alivyolitamka.

Siku moja alichota maji kwa kiganja. "Humu mna viumbe msioweza kuwaona," alisema. "Wana miguu, wanakula, wanazaana. Kinachotakikana ni hadubini."

"Na hadubini yetu iko wapi, mwalimu?" Tumu aliuliza.

"Haijaja." Makau aliyaachia maji yachuruzike. "Lakini nchi sasa ni yetu, Tumu. Itakuja."

Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka, na mambo mengi yalikuwa yakingojewa kwa namna hiyo. La hadubini, lakini, lilikuja mbio. Habari zilifika kwamba shule zitafanya maonyesho ya sayansi mjini Kwale, na Bwana Thoya, afisa wa elimu, atakuja na hadubini moja ya kutoa zawadi. Itaipata shule itakayomfanya aulize swali asilolijua jibu lake.

"Wenzetu watapeleka mahindi na picha ya moyo wa ng'ombe," Makau aliwaambia. "Sisi tutapeleka bahari."

Shauri likawa hivi: Tumu na Jumbe, mwenzake wa dawati moja, watachukua kila mmoja mtungi kutoka kwao, kwa kuwa udongo huyaweka maji baridi njiani. Wakifika Kwale watayamimina kwenye chupa kubwa za peremende walizoazimwa dukani, ili watu waone uduvi, wale kamba wadogo wadogo, wakiogelea, na viti vya pweza, wenye umbo la nyota, wakitembeza mikono yao mitano.

Nyanyake Tumu, Bi Mwanafatuma, hakukubali mara moja.

"Mtungi wangu uende Kwale kufanya nini?"

"Kuchukua maji, nyanya. Kuna wageni wakubwa wa serikali."

"Kwale hakuna mitungi?"

"Hakuna maji ya bahari, nyanya. Ni maji ya chumvi, hayanywewi. Ni ya kutazamwa."

Bi Mwanafatuma alimwangalia mjukuu wake kama anayemwonea huruma. "Na mwalimu wenu anapokea mshahara kwa kazi hii?"

"Tukishinda tutapewa hadubini."

"Haya. Uchukue. Lakini ukiuvunja, usirudi kwangu, uende ukaishi na huyo hadubini."

Asubuhi ya maonyesho, Tumu alipokuwa akivaa sare, bibi huyo aliutazama mtungi uliooshwa ukakauka, akauona umekaa kinyonge. Mtungi wake hautatoka nyumbani kwake kwenda mbele ya wageni kama mtungi wa mtu asiyefunzwa. Akatia makaa kwenye chetezo, akadondosha ubani, akaufudikiza mtungi juu ya moshi mpaka ukashiba, kisha akauziba mdomo kwa kitambaa. Ndivyo alivyofanyia maji ya wageni maisha yake yote. Tumu alipoubeba hakusikia harufu yoyote. Nyumba ile ilinukia ubani kutwa kucha, na pua yake ilikwisha kuizoea.

Maji yalikuwa yametoka vizuri. Walijaza mitungi yote miwili maji na viumbe katika kidimbwi kimoja, wakapanda lori la magunia ya mbata, nazi zilizokaushwa, lililokuwa likipitia Kwale, Jumbe na mtungi wake chini ya turubai, Tumu na wake nyuma, ambako jua lilimpiga utosini njia nzima. Hakujali. Aliimba mpaka dereva akagonga bati kumnyamazisha.

Walipoyamimina maji kwenye chupa, wimbo wa Tumu ulikatika. Katika chupa ya Jumbe uduvi walirukaruka kama watoto waliofunguliwa shule. Katika chupa yake walilala ubavu, miguu ikitetema kidogo tu, na kiti cha pweza alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Lo! Umewapa dawa ya usingizi?" Jumbe alisema.

"Nyamaza, Jumbe."

"Ni jua. Ulikuwa ukiimba, hukuwafunika."

Mwalimu Makau aliinama akatazama, na uso wake ukasawijika. Bwana Thoya alikwisha kuingia uwanjani. Alikuwa kwenye meza ya mahindi. "Iweke chini ya meza, Tumu," mwalimu alinong'ona. "Tuonyeshe ya Jumbe peke yake. Si kosa lako."

Tumu aliinyanyua chupa, machozi yakimlengalenga, na hapo ndipo harufu ilipompata. Huku mlimani, penye upepo wa misitu ya Shimba, ilisikika waziwazi. Ubani.

"Nyanya!" alisema.

"Yuko wapi?" Jumbe aligeuka kwa hofu.

"Kaufukiza mtungi! Mwalimu, si jua. Ni moshi."

"Ni jua," Jumbe alishikilia.

"Basi tujaribu. Si ndivyo unavyotuambia, mwalimu? Mtu akidhani jambo, alijaribu?"

Makau alitazama upande wa Bwana Thoya, kisha akamtazama mwanafunzi wake. Akaanza kukunja mikono ya shati. "Haraka, basi."

Kwa chujio la chai Tumu aliwaopoa uduvi wake waliolala akawatia katika maji ya Jumbe. Kisha alichukua wachache wa Jumbe waliokuwa wazima: baadhi akawaweka katika chupa nyingine ya maji ya Jumbe na kuianika juani, baadhi akawatia katika maji ya ubani, kivulini. Akapiga magoti, kidevu juu ya meza, akisubiri. Wa juani waliendelea kuogelea. Wa kivulini walipunguza mwendo, wakayumba, wakalala.

"Samahanini," Tumu aliwaambia, akawaopoa haraka na kuwarudisha katika maji ya Jumbe. Huko wale wa kwanza walikuwa wameanza kusimama mmoja mmoja, na kiti cha pweza alikuwa akinyoosha mkono.

"Hapa kuna ugonjwa gani?" ilisema sauti nyuma yao. Ilikuwa ya Bwana Thoya.

"Shikamoo, bwana. Nyanya yangu aliwafukizia ubani," Tumu alijibu, na akaeleza yote, hata la kuimba kwenye lori. Wanawake waliokuwa wamesimama karibu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema, "Kwani alikosea wapi? Mgeni ni mgeni!"

Bwana Thoya hakucheka. Aliinusa chupa, akaomba chujio, akalifanya jaribio lile mwenyewe tangu mwanzo. "Ajabu," alisema. "Maji ya mtungi wa ubani nimeyanywa tangu utotoni na sikupata kulala ubavu. Mna nini ndani ya moshi huu kinachowalegeza hawa?"

Makau naye akaiinamia chupa, akainusa.

"Hatujui, bwana," Tumu alisema. "Hatuna hadubini."

"Hadubini haitakuonyesha moshi, binti."

"Itanionyesha unamfanya nini mdudu."

Bwana Thoya akamgeukia Makau. "Mwalimu, jibu la swali hili silijui. Nawe je?"

"Silijui, bwana," Makau alisema, akitabasamu kama mtu aliyepewa shamba.

Hadubini ilikwenda Msambweni kwa lori, juu ya magunia, imepakatwa na Tumu, aliyekatazwa kuimba na akaimba. Uduvi wote na viti vya pweza walirudishwa kidimbwini siku ileile, na Jumbe akawaaga kwa majina.

Siku ya pili Bi Mwanafatuma aliitwa shuleni. Alikaribishwa kiti, akainamisha kichwa na kufumba jicho moja kama alivyoelekezwa. Chini ya kioo palikuwa na tone moja la maji ya bahari. Alitazama muda mrefu, midomo ikimchezacheza.

"Wote hawa," alisema mwisho, "walikuwamo humu siku zote?"

"Ndiyo, nyanya."

"Wageni wengi hivi! Na hakuna hata aliyewa..." Mkono wake ulikwisha kunyooka pembeni, kwa mazoea, kutafuta chetezo. Akaurudisha taratibu, akaufunika kwa leso yake.

"La," alisema. "Hawa tuwaache kama walivyo. Sogea, Tumu, unanizibia mwanga."