Mafuta Chini ya Kofia

Kila asubuhi, kabla tangi halijafungwa, muuguzi aliuliza maswali yale yale, na kila asubuhi mke wa fundi alijibu jibu lile lile.

"Mama, kuna mafuta mwilini? Losheni? Dawa ya nywele?"

"Hakuna."

"Nguo ya nailoni? Kiberiti? Simu?"

"Hakuna, mwanangu."

Naye akaivuta ile kofia ya pamba kichwani kwa mumewe mpaka ikafunika masikio.

Hakujiona mwongo. Muuguzi aliuliza mafuta ya kujipamba, na mumewe hakuwa mtu wa kujipamba. Yale aliyompaka alfajiri, kuanzia utosini mpaka kisogoni, yalikuwa yameombewa na kanisa zima, watu wamepiga magoti. Kwake yeye hayo hayakuwa mafuta. Yalikuwa maombi.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa sauti kubwa, mpaka siku kiharusi kilipomwangusha karakanani nyundo ikiwa mkononi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Daktari wa kliniki aliwaeleza bila kuzunguka. Watavuta uboho kwenye nyonga yake, watatenga seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijawa kitu mwilini, kisha watamrudishia zikausaidie ubongo kujitengeneza. Kabla ya hapo atakuwa akilala kwenye tangi la oksijeni tupu, inayosukumwa kwa nguvu mpaka ifike sehemu za ubongo zilizosinzia.

"Bado ni utafiti," daktari alisema. "Huenda akasema tena, huenda asiseme. Siwezi kuwaahidi."

Mke alisikia "huenda akasema" peke yake. Akaamua kuisaidia hiyo huenda kwa mafuta.

Mwanzoni fundi alikuwa akifumba macho na kupakwa kama mtoto anayeogeshwa. Tangu waanze mambo ya tangi, akabadilika. Alikwepesha kichwa, akampiga mkewe mkono, siku moja nusura akimwage kichupa chote. Mke hakukasirika. Alijiambia kwamba kuna roho humo ndani isiyopenda kupakwa, na roho ya namna hiyo haifukuzwi kwa tone moja. Akazidisha.

Leo fundi alikuwa amechafuka kuliko siku zote. Walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu, mbele ya lile tangi refu la kioo kinene, alishika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima na kugoma. Kisha akaukamata mkono wa mkewe, akausugua juu ya kofia, akauelekeza kwenye tangi, akajaza mashavu hewa.

"Puuu!"

"Haya, kaka leo anataka tarumbeta," alisema shemeji, mdogo wake fundi, ambaye hakuna msiba wala arusi iliyopita bila yeye kutia utani. "Tulia, bwana. Wenzako huko nje wanagombea foleni, wewe unasukumwa kama mfalme halafu unanuna."

Muuguzi akacheka. Fundi hakucheka. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto, na kijasho kikamtoka juu ya mdomo.

Wakamfungua vidole kimoja kimoja. Kitanda kikateleza ndani, mlango ukabana.

"Mama, leo baki hapa," muuguzi alisema. "Akikuona atatulia."

Siku nyingine zote mke alikuwa akitoka mapema kwenda kuomba kwenye benchi la nje. Hakuwahi kusikia valvu ya oksijeni ikifunguliwa. Sasa akasikia.

Ssssss.

Sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti ya karakana, mtungi wa kuchomelea ukifunguliwa. Na palepale ikamjia ile siku alipowapelekea chakula cha mchana. Shemeji alikula nyama akaacha kunawa, akaenda kushika mtungi wa oksijeni na vidole vinang'aa mafuta. Fundi alimrukia, akamkunja ukosi.

"Mafuta na oksijeni? Cheche moja tu! Unataka watu wazike viatu vyetu?"

Mke akasogea kwenye kioo. Fundi alilala mkono wa kushoto ukiwa mbali na kichwa, hachezeshi hata kidole. Haukuwa utulivu wa mgonjwa. Ulikuwa utulivu wa mtu aliyeamka akamkuta nyoka kitandani.

"Fungua," alisema.

"Mama?"

"Ana mafuta kichwani. Mfungulie!"

Muuguzi hakupiga kelele. Mkono wake tayari ulikuwa kwenye valvu. "Mengi?"

"Mengi."

"Mama, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, mwanangu."

Shemeji akajifuta vidole kwenye suruali.

Tangi halifunguliwi kwa ghafla. Mapafu yanaweza kupasuka. Muuguzi aliwaamuru wasimame walipo, wasiguse kitu. Mshale wa saa ya presha ya tangi ukawa unashuka kwa uvivu. Mke alitafuta sala, hata ile fupi ya watoto, haikuja. Kulikuwa na sauti ya hewa tu, na macho ya mumewe nyuma ya kioo.

Mlango ulipofunguka, muuguzi alimvua kofia. Taulo alilomfutia lililowa likabadilika rangi. Mke akanyoosha mkono ampanguse jasho. Fundi akainua mkono wake mzima akakikinga kichwa, kama anavyofanya mtu anayekaribia kupigwa.

Mkono wa mke ukabaki hewani.

"Mama, nisikilize," alisema muuguzi. "Kuna mwingine yeyote uliyempa hayo mafuta?"

"Hakuna," ulimi wake ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Kisha akakumbuka benchi. Alfajiri hiyo alikaa hapo na mke wa dereva, ambaye mumewe naye alipooza upande mmoja, mwanamke aliyekuwa akilia mpaka shela imelowa. Alimmiminia nusu ya kichupa. Akamshika mkono, akamfundisha: wakikuuliza, wewe sema hakuna.

Akageuka kutazama ukumbini. Benchi lilikuwa tupu. Ng'ambo ya ukumbi, mlango wa chumba cha tangi la pili la kliniki ulikuwa umefungwa, na nje yake, vimepangwa vizuri pamoja, vilikuwa viatu vya dereva.

Nyuma ya mlango, hewa ilikuwa inaingia.

Mke wa fundi akapiga ukelele, akaanza kukimbia.